Tumbo la KABLA

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Fundi wetu wa nguo, si unajua ana miezi saba anaruka kamba na kunyanyua vyuma ili tumbo lishuke? Miezi saba, hata sukari kaacha.

Leo kafika mazoezini, kakuta bango jipya mlangoni. Matumbo mawili, bila vichwa. Moja limeandikwa KABLA, lingine BAADA.

La KABLA ni lake. Bukta ya zambarau iliyo pichani kaishona mwenyewe, angeisahauje?

Kamfuata kocha. "Picha hii si ulinipiga juzi, ukaniambia nimepungua?"

Kocha hata aibu hana. "Nilihitaji mtu ambaye hajaanza, mama. Nikaona wewe unafaa."

Hajaanza. Miezi saba, shoga. Na wenzake kwenye mikeka wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Basi kalipiga picha lile bango, kaenda kumwonyesha mumewe, akijua leo kocha atakiona cha moto. Mume kaisogeza simu karibu, kaangalia weee.

"Huyu wa kwanza namjua," kasema. "Huyu wa pili huwa anakuja saa ngapi?"