Sehemu Zisizo na Jina Kwenye Kompyuta ya Deo

Jumatatu, 3 Juni
Baridi imeuma leo. Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano, kisha nikakaa kutunga mtihani kwenye kompyuta ya marehemu mume wangu, Deo. Ikagoma kuhifadhi. Diski imejaa. Nikaingia kutazama kilichoijaza, nikakuta diski imegawanywa. Sehemu moja ndiyo tunayotumia siku zote. Nyingine tatu hazina herufi wala jina. Hazifunguki. Miaka yote mashine hii iko humu ndani na sijawahi kuziona.

Jumanne, 4 Juni
Namwaza yule mwanamke wa Kipili, kule ziwani. Siku ya mazishi alilia mpaka akashikiliwa. Wifi Leokadia, dada yake Deo, aliniambia ni mtu aliyekuwa akimuuzia dagaa tu. Deo alikuwa akifuata dagaa huko kila mara. Alikuwa akilala huko. Sasa najua alikoficha picha za huyo mwanamke.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata video inayofundisha kuzifuta sehemu hizo kwa nguvu. Nimeandika amri mpaka ya mwisho. Bado kubonyeza tu. Nikaacha. Si kwa huruma. Nilitaka kwanza nimwone sura.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeipeleka kompyuta kwa Asha, kule Mazwi. Tulisoma pamoja sekondari, sasa anatengeneza kompyuta nyuma ya duka la baba yake. Nilimweleza yote, hata wivu. Hakunicheka. Alizipa zile sehemu herufi, zikafunguka, tukachungulia moja moja.

Ndogo kabisa ndiyo inayoiwasha mashine. "Ungeifuta hii, Oliva, isingewaka tena." Ya pili ni ya kuukarabati mfumo ukiharibika. Ya tatu, kubwa, ni nakala waliyoiweka kiwandani, ya kuirudisha mashine ilivyokuwa ikitoka kwenye boksi.
"Hiyo unaweza kuifuta, ukishaweka nakala yake kwenye flashi. Lakini siyo leo, una hasira."

Faili za humo ni za kabla Deo hajainunua. Nilikuwepo akifungua boksi. Hakuna picha, hakuna barua. Diski ilijazwa na video za mpira na za kwaya.

Nimerudi nyumbani Malangali kwa miguu. Nimelia njiani. Nimemtukana marehemu bure.

Jumamosi, 8 Juni
Wifi Leokadia kaleta mahindi mapya. Nikamsimulia upumbavu wangu, huku nikicheka. Yeye hakucheka.
"Wifi, kwani uliambiwa kiko kwenye kompyuta?"
"Kiko nini?"
Akatazama chini. "Mtoto yupo. Wa kike. Mama anajua. Sote tunajua."
Nimemfukuza. Mahindi yake nimeyatupia nje, gunia zima.

Jumatatu, 10 Juni
Sikwenda kufundisha. Namchukia Deo. Nawachukia wote waliokula kwangu wakanyamaza. Mama mkwe nilimwogesha alipougua, na alikuwa anajua.
Nimefungua folda ya picha za Deo. Hii haijafichwa, iko palepale mbele. Nikaamuru ifutwe yote. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nikajibu hapana.

Jumatano, 12 Juni
Nimefundisha. Sikumbuki nilifundisha nini.

Alhamisi, 20 Juni
Nimempigia yule mwanamke. Namba alinipa Leokadia, kwa woga. Nilijipanga kumtukana. Akapokea, nikajitaja, akaniamkia: "Shikamoo, dada." Sauti yake ni ya binti mdogo. Matusi yakanikauka.
Anaitwa Skola. Mtoto ni Paskalia, ana miaka minne, anamuulizia baba yake kila siku. Simu ya zamani yenye picha za Deo ilidondoka ziwani. Hawana hata moja.
Sikumwambia pole. Nilikata.

Jumapili, 23 Juni
Nimetoka misa. Nimechagua picha moja, Deo amekaa mlangoni, jua linampiga usoni, anacheka. Ni mimi niliyeipiga. Nimeituma Kipili.
Sijamsamehe yeyote.
Skola kajibu kwamba imefika, mtoto kaishika simu na hataki kuirudisha. Nimesoma, nimezima kompyuta. Nimeanika nguo. Upepo ni mwingi, zitakauka mapema.