Gari Haibridi la Shemeji Zablon

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Inatangazwa kwa umma, kwa wapangaji wa laini yetu ya nyumba, na kwa kuku wa Mama Wanjiru popote walipo, kwamba tangu Ijumaa jioni Baba Nafula ana gari mbele ya mlango wake. Gari lina magurudumu manne, na yote yamefika chini. Kuku wamekwisha kupata habari, tena wamehamia uvunguni. Wasiohusika wanaombwa waendelee na shughuli zao.

Mwisho wa tangazo.

Sasa niseme nawe kwa sauti ya chini, shajara yangu: naogopa. Mtu mzima aliyeipita arobaini, mweka stoo wa kiwanda, mwenye kitambi na leseni ya udereva, nachungulia gari kupitia pazia kama mchuuzi anayemchungulia askari wa jiji.

Kwanza gari si langu bado. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu hapa Shauri Moyo anayetaka kulisikia. Ni la Zablon, kaka yake Rispa mke wangu, mtu ambaye hajapata kuona kitu chenye injini asikitafutie mnunuzi. Ameniachia "ikuzoee kwanza, shemeji," na kesho jioni anakuja kuchukua jibu. Nikisema ndiyo, mwezi ujao tunakwenda nalo Bungoma kumleta mama yao. Magoti ya mama hayapandi tena ngazi za basi, na macho yake yanamhitaji daktari wa huku. Rispa amelingojea jambo hili muda mrefu bila kulalamika. Angelalamika ningejua la kumjibu.

Tena Zablon hakunificha kitu. Alilipigapiga boneti kama mtu anayeuza ng'ombe sokoni.

"Shemeji, nisikudanganye. Hii gari ni haibridi."

"Haibridi vipi?"

"Mbele ni gari moja, nyuma ni gari ingine. Zote zilipata ajali. Fundi akachukua nusu nzuri ya hii na nusu nzuri ya ile, akachomelea. Kwani nyumbani tunapanda mahindi gani? Si haibridi? Si yanazaa kuliko yale ya babu? Basi."

Mtu wa Bungoma hawezi kubishana na mahindi. Kichwa changu kilikubali kabla akili haijafika.

Lakini nilikuwa na swali moja la heshima. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Humpi mkono, huketi naye chumba kimoja, mkikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka cha kukitazama. Sasa nitamletaje kwa safari ya siku nzima, sote ndani ya kisanduku kimoja cha bati? Zablon alicheka hadi akaegemea mlango.

"Ndiyo maana nikakuletea hii! Wewe utakaa kwa gari yako, mama atakaa kwa gari yake. Mpaka uko hapo katikati, umechomelewa. Wazee watakushtaki na nini?"

Rispa alicheka. Nami nilicheka. Hata Mama Wanjiru, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye kwao Murang'a hawana ukali wa namna hiyo, alicheka alipoelezwa.

Nilicheka mpaka Jumamosi asubuhi.

Jumamosi nilitoka na ndoo na kitambaa nikalioshe, maana gari la mtu likilala kwako halirudi na tope. Kwenye mwanga wa mchana niliona kwamba ile rangi ya krimu ni mbili. Mbele ni chai ya maziwa. Nyuma ni chai ambayo maziwa yalipungua na wageni bado wanaingia. Nikasema si neno, rangi haiui mtu. Nikafungua mlango wa nyuma nipige sakafu brashi, nikainua kapeti.

Lipo pale. Kovu la chuma, nene kama kidole, linatoka mlango mmoja hadi wa pili, na limepinda mahali ambapo bila shaka mkono wa fundi ulichoka.

Nikaigeuza ndoo nikaikalia, na akili ikaanza kwenda mahali ambapo sikuituma. Ikiwa gari la kwanza lilitoa nusu ya mbele, ni kwa sababu nusu yake ya nyuma haikufaa tena. Sasa waliokuwa wameketi nyuma je? Na ikiwa la pili lilitoa nusu ya nyuma, basi dereva wake...

Nikarudisha kapeti.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Kwamba naogopa mshono? Hata suruali niliyovaa imeunganishwa kwa mshono. Ingawa hiyo nayo, nikiinama, huwa na wasiwasi nayo.

Basi leo. Hapa kwetu gari jipya haliulizwi bei, linaombewa. Tulipotoka kanisani watu wa ushirika walitufuata hadi mlangoni, wakiongozwa na Mwinjilisti Elija, na Rispa akateleka chai. Nikasimama kwenye kizingiti nikawaambia waziwazi, "Jamani, hili gari sijalinunua."

"Hiyo ni unyenyekevu, ndugu!" akasema Mwinjilisti.

"Si unyenyekevu. Ni la Zablon."

"Sema kwa imani, Baba Nafula! Sema ni lako!"

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuniona mtu wa rohoni. Wakalizunguka. Kila mmoja akaweka mkono mahali, wengine kwenye boneti, wengine kwenye vioo, na kuku wakatoka uvunguni mbio kama waliokuwa na dhambi zao.

"Bwana, tunaifunika hii gari kwa damu ya Yesu!" akaanza Mwinjilisti, macho yamefumbwa. "Usukani, damu! Viti vya mbele, damu! Viti vya nyuma, damu!"

Ni maombi ya kawaida. Nimeyaitikia amina maisha yangu yote bila kuwaza mara mbili.  Leo kila aliposema damu nililiona kapeti. Amina yangu ilitoka kama kikohozi.

Halafu likaja lile nililokuwa naliogopa zaidi. Gari likishaombewa, lazima lipige raundi.

"Twende kidogo tu, nasi tuonekane," alisema Mama Wanjiru, naye alikuwa ameshaingia. Mwinjilisti alikaa mbele na Biblia yake. Rispa, binti yetu Nafula na Mama Wanjiru wakakaa nyuma. Nikatia ufunguo. Tulipita duka la kona, tukapita kanisa tulikotoka, tukawapungia mkono watu ambao siku nyingine huwa siwajui. Tulipofika pale barabara yetu inapoingia Jogoo Road, nikasimama, nikazima injini.

"Jamani," nikasema, "petroli imeisha."

Wakateremka kusukuma. Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Mwinjilisti alikuwa na suti yake ya pekee, na Mama Wanjiru alivua viatu akavishika mkononi. Vijana wa kona hawakutuhurumia.

"Niaje, mzee! Hiyo umenunua ni gari ama ni mkokoteni?"

"Mwinjilisti," Mama Wanjiru akasema huku anahema, "ulifunika kila kitu ukasahau tangi."

"Shetani ni mwongo," alijibu Mwinjilisti.

Nikaitika amina, kwa kuwa mwongo mmoja nilimfahamu vizuri, naye ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

Wageni walipoondoka, Rispa alianza kuosha vikombe. Akaosha kimoja, akaosha cha pili, kisha akasema bila kugeuka:

"Baba Nafula, petroli ipo."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nasukuma nyuma. Niliisikia inacheza ndani ya tangi."

Ndoa ndefu ina ubaya wake. Nikamshika mkono nikampeleka nje, nikafungua mlango, nikainua kapeti. Aliinama. Akapitisha kidole juu ya kovu lile polepole, kutoka mlango hadi mlango, na alipofika pale lilipopinda akasimama.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Sijui. Hata Zablon hajui."

"Na mama angekaa hapa."

"Hapa."

 Mimi nilikuwa najua anachokiweka chini wakati huo. Ameota mara nyingi jinsi atakavyofika kwao na gari, mama yake akishikwa mkono, majirani wakitoka nje kutazama. Akarudisha kapeti mwenyewe na kulinyoosha vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Kesho Zablon akija nitapika chai," alisema. "Kusema ni wewe. Ni kaka yangu, mimi siwezi."

Kwa hiyo ni hapana. Mama atafikaje kwa daktari, hatujui bado, na hilo nalo linanitisha, usifikiri limeisha. Labda nitamwomba meneja pikapu ya kiwanda, ambayo naiendesha mara mojamoja na ambayo haijapata kuzaliwa mara mbili. Labda atakataa. Jioni yote Rispa amekuwa akikunja kitambaa cha vyombo na kukikunjua.

Nimejaribu sababu za kumpa Zablon. Breki zinavuta kushoto. Gia inagoma. Moshi ni mwingi. Zote ni za uongo, na Zablon anajua magari kuliko ninavyojua kudanganya. Nitamwambia naogopa. Atacheka, ataipeleka habari hiyo hadi Bungoma, na Krismasi nitaisikia ikisimuliwa kwenye kila moto nitakaoukaribia. Acha icheke familia nzima.

Kabla sijaweka kalamu chini niandike ilivyokuwa pale barabarani, ili angalau mahali pamoja iwepo kweli. Hakuna kilichoharibika. Gia ziliingia bila kelele, breki zilishika nilipozigusa, na nikiri kwamba hata raha nilikuwa nimeanza kuisikia. Tulipofika Jogoo Road nilisimama kungoja nafasi, nikageuza kichwa nitazame barabara. Jicho likapita kiti cha nyuma. Nafula alikuwa amesinzia, kajilaza kwa mamake, mdomo wazi. Miguu yake ilikuwa fupi mno kufika chini. Ilikuwa inaning'inia juu ya kapeti, ikitikisika na injini.

Nafasi ikapatikana. Lori la mchanga lilikuwa bado mbali, barabara ilikuwa wazi, na Mwinjilisti akasema, "Ingia, ndugu, ingia."

Mguu wangu ukakataa kukanyaga mafuta. Nami sikuubishia.