Wageni wa Benki

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Cherehani za kiwandani hazijakuvunja mgongo? Mimi sijambo, ni magoti tu, asubuhi yanagoma, yakishapata moto yanatembea. Simu ililowa siku ya kufua na haijafufuka, ndiyo maana naandika.

Mwanangu, nina neno. Mzee mwenye nyumba tumemzika juzi, na watoto wake hata machozi hayajakauka wanaiuza. Amekuja dalali, kijana wa viatu vya kung'aa, kila neno "bi mkubwa". Nikamuuliza, na mimi mpangaji je? Akasema, "Bi mkubwa, hilo ataamua atakayenunua." Tangu hapo silali. Wewe umezaliwa chumba hiki. Baba yako katolewa kwa mlango huu huu. Niende wapi na masufuria yangu? Sikuombi kitu, nakuambia tu ujue.

Mama yako

Tarehe 19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi mzima, kichwa tu ndicho hakipumziki.

Usiende popote. Nyumba naichukua mimi. Usicheke! Nimeomba mkopo wa nyumba benki. Kianzio ninacho, akiba yangu yote. Wanataka hati za mshahara, barua ya mwajiri na taarifa ya akaunti. Nimeacha hata soda, ili akaunti yangu ionekane ya mtu mwenye adabu. Dalali nimeongea naye, ameniapia atatushikia.

Kabla ya kutoa hela benki watatuma mthamini, mtu wa kuikagua nyumba. Akiiona gofu, wananikatalia. Kwa hiyo mama, dalali akileta watu, wakaribishe, waonyeshe kila kona, isifie. Hao ndio macho ya benki.

Mwanao

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Unakula lakini? Hiyo soda kunywa bwana, benki haitakufa.

Barua yako nimeisoma nikakaa chini. Jirani akaniona nacheka peke yangu, akauliza, "Umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia, "Nimezaa."

Basi nikaingia kazini. Nimepaka chokaa sebuleni mwenyewe, nimeziba ule ufa wa jikoni, sakafu nimesugua mpaka unajiona sura. Jumamosi dalali akawaleta hao wa benki. Bwana, bibi, na mtoto wa kike. Nikashangaa benki inatembea na watoto, nikasema labda hawana wa kumwachia. Nikawapa chai. Nikawaonyesha bomba, nikawaambia maji hayakatiki na majirani hawana kelele. Bwana akauliza paa linavuja? Nikasema sijawahi kuweka ndoo. Hapo nilidanganya kidogo, ndoo nimeisukuma uvunguni. Bibi akapima madirisha kwa kamba, akasema atatia pazia la maua. Nikamwambia bluu ndiyo nzuri, jua la jioni haliifubazi. Yule mtoto akaingia chumba chako, akauliza, "Hiki changu?" Tukacheka wote, dalali mpaka gego likaonekana.

Wakiondoka bwana akanishika kwa mikono miwili: "Mama, umetusaidia kuamua." Nadhani tumepita.

Mama yako

Tarehe 12 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo! Magoti yaruke leo, wamekubali! Nimelia mbele ya mtu wa benki mpaka akanipa karatasi ya kujifutia. Bado mthamini tu. Wiki ijayo wanamtuma mama mmoja, anakuja peke yake. Benki haijamtuma mtu mwingine kabla yake, kwa hiyo andaa nyumba.

Mwanao

Tarehe 17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe nane imefika leo. Mama, wale si wa benki. Dalali nampigia tangu asubuhi, hapokei. Usimfungulie mtu. Usitie dole gumba kwenye karatasi yoyote. Naomba ruhusa nije.

Mwanao

Tarehe 3 Mei

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima, na umelala japo kidogo. Mimi nipo.

Barua zako zimefika siku moja, nikaanza na ile ya furaha. Sikuwa na muda wa kufunga mlango. Watoto wa mzee walipoona chokaa wakapandisha bei, na wale wakalipa taslimu. Dalali nimemkaba kwa maneno, akasema, "Bi mkubwa, aliyeuza ni wewe, mimi nimefungua mlango tu." Mthamini wako alikuja kweli. Akakuta wanashusha vitanda. Akatazama ukuta, akasema, "Nyumba safi, ningeipitisha."

Usijilaumu, nakuomba. Uliniambia niisifie, na mimi niliisifia kwa moyo. Wala usiache kazi uje kugombana. Karatasi zao zimeshapigwa mihuri.

Yule bibi wa pazia mwenyewe si mbaya. Aliniuliza nahamia wapi, nikaendelea kufunga masufuria yangu. Akasema nikae stoo ya nyuma, niwe nawafulia na kuwapikia, mshahara tutaongea. Nimekubali. Kitanda kimeingia, kabati limekataa, nimempa jirani.

Ukija likizo, mlango wa mbele usigonge, hawakujui. Zunguka nyuma, upande wa choo, kuna dirisha dogo. Gonga taratibu, mtoto wao analala mchana.

Mama yako