Wimbo wa Mugeta Nilioimba Nimegeuka

Bunda, Ijumaa, mwezi wa saba.

Upepo umeamka kabla yangu leo. Vumbi la Kabasa limeingia hadi kwenye chai, mabati ya jirani yanapiga kelele, na mimi nimekaa kitandani na simu mkononi, naangalia mgongo wangu mwenyewe.

Tangu jana jioni kuna video inazunguka kwenye magrupu ya Bunda, Musoma hadi Butiama. Anaonekana mwanamume mwenye fulana ya njano, maiki mkononi, amewapa watu mgongo, anachana kwa kasi huku akiangalia turubai la lori. Watu wanashangilia kama wameletewa kitu kutoka Jamaika. Wameandika eti Jenerali kaja na staili mpya. Mmoja ameuliza inaitwaje.

Haina jina. Nilikuwa namkwepa mama mkwe.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, Jenerali Furu ni mimi. Furu ni visamaki vya ziwa letu vyenye miiba mingi kuliko nyama. Nilikuwa naviuza mwaloni Musoma, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nikiwa mdogo, naita wateja kwa kelele, na mdomo huo ndio ulionipa kazi. Nilianzia kwenye gari la matangazo: mechi za mpira, misiba, dawa za minyoo. Rafiki yangu Masatu, aliyekuwa anashughulikia spika, akawa anaweka biti za dancehall katikati ya matangazo ili watu wasogee. Siku moja sikusubiri biti iishe. Nikaitangaza dawa ya minyoo juu yake, watu wakacheza, na mpaka leo sijafanya kazi nyingine.

Hilo neno deejay limenitesa sana. Kwenye dancehall deejay ndiye mwenye maiki, anayechana. Anayeweka nyimbo anaitwa selekta, na kwangu mimi selekta ni Masatu. Bunda hawataki kulielewa hili. Nikialikwa harusini lazima mtu aniletee flash aniombe nimwekee wimbo wa shangazi yake. Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi napokea flash, nampa Masatu, maisha yanaendelea.

Nimeimba kwenye kumbi za Musoma kando ya ziwa. Nimeimba Butiama kwenye harusi ya mwalimu, mvua ikiingia ukumbini. Nimeimba Bugwema uwanjani kwa jenereta tuliyoazima kwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe akaja katikati ya onyesho kuidai kwa sababu alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu. Tajiri sijawa, na njaa sijalala nayo. Redio za huku zinapiga nyimbo zangu mbili, na ule unaopendwa zaidi unaitwa "Toto la Mugeta".

Toto hilo ni mke wangu, Nyangeta, na Mugeta ndiko kwao. Niliutunga tulipoanza kuishi pamoja. Kiitikio ni hiki:

Toto la Mugeta, kiuno kama mchi,
akitwanga mtama hata jogoo halali.

Halafu kuna ubeti wa pili, ambao hapa siuandiki.

Sasa tatizo langu. Keshokutwa Jumapili ndiyo siku yangu ya kulishwa ukweni. Ng'ombe walishakwenda, maneno ya wazee yalishaisha, kilichobaki ni mama mkwe apike mwenyewe, nami nile ndani ya nyumba yake. Nikishakula pale nimekuwa mtoto wa pale. Kabla ya hapo, hata kama nina mtoto na Nyangeta, na ninaye, Sabina wangu, mimi Mugeta ni mtu wa barabarani. Nawapeleka kwa pikipiki, nawashusha kwenye uzio wa minyaa, nasubiri nje mpaka wamalize kusalimia. Mvua iliwahi kunikuta hapo. Mama mkwe alimtuma Makuru, mdogo wake Nyangeta, aniletee mwavuli, ila neno halikuja na mwavuli.

Maana mkwe huongei naye. Kwetu Wajita na kwao Waikizu hapo tunafanana. Ukikutana na mama mkwe njiani unatoka kwenye njia, unageuka, unanyamaza mpaka apite. Jina lake hulitamki. Hata kwenye blogu hii siliandiki, ingawa yeye hasomi blogu. Na mkwe naye anakukwepa vilevile, ni heshima ya pande mbili. Vijana wa mjini wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Na mimi nilidhani nimeyasahau kidogo, kumbe miguu haijasahau.

Jana tulikuwa Mugeta mnadani. Duka moja la pembejeo la hapa mjini lilitukodi na lori lake: naimba, natangaza dawa ya pamba, naimba tena. Nilipoletewa kazi hiyo nilimwuliza Nyangeta kwanza. Sikutaka kufanya ujinga wiki hii kuliko wiki zote.

Akaniambia, "Nenda tu. Mama hajawahigi kwenda mnadani tangu baba afariki. Akitaka kitu anamtumaga Makuru."

Nikaenda.

Kazi ilianza vizuri. Wakulima walikuwa na furaha, ng'ombe walikuwa wengi, jua lilikuwa la kawaida. Masatu akaweka biti ya "Toto la Mugeta" na mnada mzima ukasogea, maana wenye Mugeta yao wanaona wimbo ni wao. Nikaimba kiitikio. Nikanyoosha mkono kuelekea upande wa wauza vyombo ili na wao waitikie.

Alikuwa amesimama hapo. Kitenge cha kijani, sufuria jipya kichwani, uso umenielekea.

Sikufikiri. Niligeuka kama ninavyogeuka njiani, nikabaki naangalia turubai. Tatizo ni kwamba njiani unageuka na unanyamaza. Mimi nilikuwa na maiki, biti inakwenda, na mwenye duka amesimama chini, kando ya lori, mikono kiunoni. Miguu ilifuata mila na mdomo ukafuata kazi. Nikawa naimba kiuno cha mtoto wa watu, mama yake akiwa nyuma yangu.

Nikajipa moyo: atapita. Lakini mtu aliyegeuka hawezi kujua kama aliye nyuma yake amepita. Kugeuka tena kuangalia ndiyo kosa lenyewe.

Watu wasiojua dancehall niwaambie kitu kingine. Kwetu wimbo ukipendwa watu hawasubiri uishe. Wanapiga kelele, selekta anaukata, anaurudisha mwanzo. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo na huwezi kuikataa. Basi watu walivyoniona nimegeuka, wakadhani ndiyo utamu wenyewe.

"Rudisha!"

Masatu akarudisha. Mara hii nikajaribu kuwa na akili, nikatoa kiuno nikaweka dawa ya pamba, nikaimba kuhusu funza wa vitumba mpaka mwenye duka akapiga makofi. Watu wakacheka, wakataka tena. Masatu akarudisha tena. Safari hii akili ilikuwa imechoka. Niliuimba ulivyo, na ubeti wa pili wote, neno kwa neno, nikiwa nimefumba macho.

Nilipogeuka mwishoni hakuwepo.

Masatu akaniuliza, "Oya, kwani huko kwenye turubai kulikuwa na nini?" Nilipomwambia alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza ghafla. Na yeye ana mkwe.

Nilipofika nyumbani Nyangeta alikuwa ameshaiona video. Simu ilikuwa mezani, Sabina anakula, yeye ameshika kijiko tu.

"Mama alikuwepo?"

Nikasema alikuwepo.

"Akausikia wote?"

Nikasema sijui, nilikuwa nimegeuka.

Hakugomba. Alimfuta Sabina mdomo, akatoa vyombo, akaanza kuosha sahani ambayo ilikuwa safi. Mimi mke wangu akigomba nalala usingizi. Akinyamaza ndio najua mambo ni mazito. Ameingoja siku nyingi hii Jumapili. Anataka siku moja aende kwao na mume wake aingie ndani kama waume wa dada zake. Ni kitu kidogo tu, na mimi nimekitia mchanga kwa mdomo wangu.

Niseme ukweli, naogopa. Nimewahi kuchana mbele ya walevi wenye chupa mkononi na sikuogopa hivi. Watu wote wa mkoa huu naweza kuwaomba msamaha kwa mdomo, ndiyo kazi yangu, maneno hayajawahi kuniishia. Mtu mmoja tu siwezi kumwambia hata "samahani", na ndiye niliyemkosea.

Asubuhi hii nilishaanza kupanga. Niwaombe watu wa redio wauache wimbo. Nitafute kazi ya kutangaza tu, bila biti. Nilikuwa hata nimemwandikia Masatu, sikutuma.

Halafu Nyangeta akampigia mama yake. Akaweka sauti kubwa, simu mezani, akanitazama ili nisikohoe. Nikakaa mkono mdomoni.

Wakaamkiana. Mama akamwulizia Sabina, akaulizia vumbi la Bunda. Nyangeta akajikaza.

"Mama, eti jana ulienda mnadani?"

"Nilienda. Sufuria la kumpikia mkwe utamtuma Makuru? Atakuletea lenye masikio yanalegea."

Nikafumba macho. Lile sufuria lilikuwa langu. Alitoka nyumbani kwa ajili yangu, baada ya miaka ya kutokwenda, nikampokea na ubeti wa pili.

"Na huko mnadani," Nyangeta akasema, "ulionana na watu?"

"Watu gani? Mimi nilikuwa naangalia vyombo."

Tulisikia kuku wa Mugeta kwenye simu.

"Jumapili mje mapema," mama akasema. "Na umwambie baba Sabina kuku ni wa kienyeji, asije akasingizia meno."

Akakata. Nyangeta aliegemea ukuta akacheka, machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa sababu yeye anacheka. Lakini rohoni sikutulia. Nilijua alichofanya. Alinisitiri, basi. Nikawaza, Jumapili atanipakulia chakula kwa wajibu tu, na nitakula kila tonge nikijua kwamba nilimwaibisha mbele ya wauza vyombo.

Saa hizi ndio Makuru ameniletea video nyingine. Kaandika tu, "Shemeji, tazama na hii." Shemeji huyu tunataniana sana, nikajua ni kejeli.

Aliipiga akiwa upande wa mbuzi. Mimi naonekana kwa mbali, njano, mgongo kwa watu. Katikati ni watu wanaruka. Na huku karibu kabisa na simu, kati ya mabeseni, yuko mama mkwe. Naye amegeuka. Amelipa lori mgongo, sufuria ameliweka chini miguuni, ncha ya kitenge ameshikilia mdomoni, kama mtu anayepishana na mkwe wake njiani. Tulikuwa tumepeana migongo, yeye upande wake, mimi upande wangu, na mnada wote katikati.

Njia ilikuwa wazi. Angeweza kuondoka.

Wimbo unakatwa mara ya kwanza, hasogei. Mara ya pili anainama, analinyanyua sufuria, nikadhani sasa anakwenda. Watu wanapiga kelele za rudisha. Analiweka chini tena. Hapana, halifikishi chini kabisa. Analiegemeza kiunoni, kitako kikiwa nje, na biti inapoanza vidole vyake vinaanza kugonga kile kitako.

Nimerudia hapo mara nyingi mpaka chaji inaisha. Kabla ya ubeti wa pili kuna mahali biti inakata ghafla, pumzi moja, halafu inarudi. Mtu asiyeujua wimbo huwa anapitiliza pale. Masatu mwenyewe anapitilizaga akilewa.

Vidole vya mama mkwe vikasimama pale pale. Vikangoja. Vikarudi pamoja na biti.

Nimemwonyesha Nyangeta. Hakucheka safari hii. Amesema kwao wana redio moja tu, ipo jikoni, na jikoni hakuna mwingine anayekaa.

Nimelia kidogo, sioni aibu kuandika. Miaka yote hii nasimama kwenye minyaa na kofia ya pikipiki nikidhani kule ndani hakuna anayenijua. Ule ujumbe wa Masatu nimeufuta. Shati jeupe nimelifua, linapigwa upepo hapo nje, vumbi litalirudisha rangi ya udongo na nitalifua tena kesho.

Jumapili nitaingia nimeinamisha macho. Nitakula kilichotoka kwenye lile sufuria, sitasema kitu, naye hatasema kitu, na wimbo hakuna atakayeutaja. Ndivyo inavyotakiwa na ndivyo nitakavyofanya.

Ila najiuliza. Nikishashiba, nikigonga ukingo wa sahani kwa kidole kimoja, taratibu, halafu nikanyamaza pale biti inapokata, je, jikoni kutajibu?