Mkono wa Kushoto wa Ambrose Pell

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika ofisi ya hakimu, London, tarehe 14 Machi 1764

Jina: Lettice Thirkell. Umri: miaka 22. Kazi: kupaka rangi picha zilizochapwa. Makazi: Long Acre, juu ya karakana ya baba yangu.

Baba yangu ni Josiah Thirkell, mchoraji. Alianza na vibao vya maduka, akapanda hadi kuchora sura za wakubwa. Sasa macho yamechoka, anaishi kwa picha za vitabu.

Mnamo tarehe 9 Machi, asubuhi, mwokaji mikate alichomwa kisu mlangoni mwa baa ya Jogoo Mwekundu. Muuaji alitoroka. Baba aliona yote kutoka ng'ambo ya barabara. Muuza picha alimhimiza: "Mzee Thirkell, fanya hima, wenzangu wasinipiku!" Baba akachonga moja kwa moja kwenye sahani ya shaba ya kuchapia picha.

Shaba ikichapwa hugeuza kila kitu, kulia kukawa kushoto. Kwa hiyo mchongaji huchonga kinyume. Jina la baa baba alilichonga kinyume, kwa mazoea. Watu aliwasahau, akawachonga kama alivyowaona. Karatasini jina lilisomeka sawa, na hakuna aliyeshuku kwamba kisu kimehama mkono.

Tarehe 11 umati wenye picha hiyo mkononi ulimkamata Ambrose Pell, fundi viatu jirani na baa, kwa kuwa ana shoto. Nilikuwapo. Mwanamke mmoja alimcheka: "Haya, Shoto, tukatie ngozi tuone!"

Jana nikipaka rangi koti la mwokaji, niliona vifungo viko upande wa kike, nikajua watu wamegeuka. Nikamwonyesha baba.

"Lettie, mwanangu, nikisema nilikosea, nani ataniletea kazi tena?"

"Na Pell je, baba?"

"Pell ana mke wa kumsemea."

"Mkewe hakuona. Wewe uliona."

Akageukia dirisha.

Leo nimeichukua sahani ya shaba bila ruhusa yake. Hii hapa. Bwana Karani, iache karatasi, tazama shaba. Kisu kiko mkono wa kulia, kama baba alivyokiona. Nampenda baba yangu. Alitaka kuchonga tu, akamchongea mtu, na mtu huyo kesho anapanda kizimbani.

Hayo ndiyo niyajuayo. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi: Lettice Thirkell

Maelezo ya karani: Sahani nimeiona, ni kama asemavyo. Nikaagiza mchoraji aitwe. Haikuhitajika. Alikuwa ameketi nje ya mlango, kofia mkononi. Amesema, "Niandike na mimi."
H. Orme