Taa ya Samaki na Simu ya Mama Wilondja

Mjini Baraka, Jumatano. Mawingu yameshuka kutoka milimani tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Tangu Jumapili watu wa nyumbani wanayalaumu mawingu kama haya, na mimi nimenyamaza.

Naona aibu.

Mnaopita hapa kusoma ninayoandika mnalijua tangi langu la samaki. Nililiunda kwa vioo vya dirisha vilivyopona siku ya mabomu, nikaweka mawe ya ziwani yenye ukoga wa kijani na samaki wawili wadogo wanaoukwangua. Ziwa letu halina matumbawe. Lakini nimehifadhi kwenye simu ukurasa unaoeleza namna ya kuyapimia mwanga, na nimeusoma mpaka naweza kuusema bila kuangalia: anza na mwanga hafifu, ongeza kidogo kidogo, ukiona umezidi funika kwa wavu. Nilikata kipande cha chandarua kuukuu, nikakikunja mara nne chini ya taa, niwe napunguza kunjo moja kila wiki.

Sikuwa na subira. Wiki iliyopita nilitoa chandarua chote, nikabonyeza taa hadi nguvu ya mwisho, nikaiacha ikiwaka mchana na usiku nyuma ya pazia langu. Nilitaka mawe yawe kama kwenye picha za ukurasa ule.

Maji yakageuka kijani kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Samaki wakajificha nyuma ya jiwe. Nikadhani wanahitaji muda kuzoea.

Taa hiyo inakula betri ileile, inayojazwa na paneli ya jua, ambayo Mama anachajia simu za majirani. Jumamosi Mama Wilondja, jirani yetu, alileta yake. Mwanawe Wilondja alienda kijijini Lubondja kumtazama bibi yake, vita vikafunga njia. Huko lazima apande kilima ndipo apate mtandao, na alikuwa ameahidi kupiga Jumapili baada ya misa.

Jumapili betri ilikuwa imekufa. Simu haikuwaka.

"Ni ile mawingu, dada," Mama alimwambia Mama Wilondja alipokuja kuichukua. "Plaque haikupata jua."

Nilikuwa nimesimama pale na kitabu mkononi. Nilijua. Niligeuza ukurasa.

Jumatatu simu ilipowaka, ujumbe wa mtandao uliingia mmoja nyuma ya mwingine: Wilondja alikuwa amepiga, akapiga tena, akapiga tena. Mama Wilondja aliketi chini palepale uani. "Iko muzima," alisema. "Alinitafuta, na mi sikumusikia." Alipompigia, hapatikani. Jana hapatikani. Leo pia.

Sijui kama alipanda kilima kile tena. Sijui kama njia ya kilimani ingali wazi. Ninachojua ni kwamba Jumapili alikuwa juu pale akisubiri sauti ya mama yake, na mimi nilikuwa nawamulikia samaki.

Leo alasiri Mama Wilondja alikuja kuchukua simu, aliyokuwa ameiacha tena asubuhi ichajiwe. Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakapotea.

"Mama, haikuwa mawingu. Ni miye. Niliacha taa inawaka, ikamaliza betri."

"Taa ya nini?"

"Ya samaki."

"Basamaki bako banasomaka bitabu?"

Niligeuka kulitazama tangi.

"Na baliona muzuri?"

Angenipiga kofi ningeshukuru. Hakucheka, wala hakupandisha sauti. Alitaka kweli kujua kama mwanga ule ulimfaa yeyote. Na haukumfaa yeyote. Wale samaki walikaa gizani nyuma ya jiwe wiki nzima, wakiukimbia.

"Hapana, Mama," nikasema. "Balijificha."

Alijifuta uso na ncha ya kitenge. Nilidhani ataondoka. Badala yake alinirudishia simu, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Kule shamba yangu réseau ya simu haiko. Hapa kwenu na kule kwenye masomo iko. Utatembea nayo we. Ikilia, umuambie mama yake iko muzima, anamungojea. Na ukimbie kuniita. Unasikia? Ukimbie."

"Nasikia, Mama."

Nimezima taa. Chandarua sikukirudisha, kwa sababu hakuna tena cha kufunika. Nimelisukuma tangi hadi dirishani, samaki wapate mwanga wa mawingu kama sisi wote. Mama aliporudi kutoka sokoni nilimwambia naye. Hajanisemesha bado.

Simu imejaa. Iko hapa kando yangu.

Shuleni simu ni marufuku, na mwalimu wetu wa hesabu huzikusanya kwenye ndoo. Mimi ni yule anayekaa nyuma, ambaye hata kuomba ruhusa ya kutoka humshinda. Kesho nitaingia nayo mfukoni, ikiwa na sauti yote. Ikilia nitasimama mbele ya darasa zima, nitapokea, kisha nitakimbia.