Meno Mawili Ndani ya Mkoba

Ikutha, 9 Machi 1992

Dada yangu Kalondu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi sijambo, mume wangu Mutie hajambo, na mama mkwe Syombua analalamikia magoti tangu asubuhi, kumaanisha ni mzima kabisa. Je, wewe? Na watu wote wa Kilungu? Parachichi zimeanza kuiva?

Mkoba umefika. Dereva wa lori la mbuzi aliuleta ndani ya gunia, nikadhani ni maharagwe. Nilipoutoa nilikaa chini. Miaka miwili hatujaandikiana, halafu unanitumia mkoba wa ngozi wa Ulaya, wenye jina la waliouunda kwa herufi za dhahabu! Najua umechakaa. Mkanda umekatika, pembe zimechubuka, kifungio cha shaba kimekuwa kijani. Lakini mimi na wewe tulilelewa tukirekebisha vitu. Nitaufufua hapa hapa nyumbani.

Karatasi yako niliisoma mara tatu: "Wa kubebea nguo za mtoto siku yako ikifika." Nani alikuambia? Ni kweli, mimba ina miezi minne. Sijamwambia mtu wa kwetu kwa sababu naogopa. Baada ya kuzika wale wanangu wawili wa kiume, hata kuitaja kwa sauti naogopa. Na ukimya wetu nataka uishe. Yale maneno ya watu siku ya mazishi ya pili hayakutoka kinywani mwangu.

Sasa niambie, ngozi iliyokauka hivi nianze na nini?

Mdogo wako,
Ndinda


Kilungu, 21 Machi 1992

Ndinda wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama pale pale posta. Sijambo, namshukuru Mungu. Parachichi zipo, ila tumbili wanazila kabla yetu. Msalimie Mutie, na magoti ya mama mkwe yapake mafuta ya moto.

Habari yako niliipata kwa huyo huyo dereva. Mdomo wake hauna breki. Usimkasirikie, maana ameniletea furaha.

Mkoba niliuona Malili siku ya soko, chini kabisa ya rundo la mitumba, mtu ameukalia. Sasa sikiliza. Kwanza uufute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, usiuloweshe. Uuanike kivulini, kamwe si juani. Kisha mafuta ya mbarika, kidogo kidogo, kwa vidole, siku tatu mfululizo. Shaba isugue kwa jivu na ndimu. Pembe zipake rangi ya viatu ya kahawia. Mkanda mpya ukate kwenye ngozi ya mbuzi, sehemu ya mgongoni, kama tunavyofanya kwa vikapu vyetu vya kiondo, na ushone kwa uzi uliopakwa nta.

Kitambaa cha ndani usikiguse. Kiko sawa. Hakuna haja ya kukifungua.

Kula vizuri. Usibebe maji mazito.

Dada yako,
Kalondu

Kile kitambaa kiache kama kilivyo, hata kikiwa na madoa.


Ikutha, 11 Aprili 1992

Dada Kalondu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Sisi tuko, ingawa mimi nina maumivu ya kiuno tangu Jumanne.

Nilifanya yote uliyosema. Dada, ungeuona ule mkoba! Ngozi ilikunywa mafuta, ikalainika, rangi yake ya zamani ikarudi. Mutie alinichinjia beberu, nikakata mkanda. Shaba iling'aa mpaka mama mkwe akajitazama ndani yake akayacheka meno yake.

Lakini kitambaa cha ndani kilikuwa na kuvu na kinanuka, na nguo za mtoto haziwezi kukaa kwenye kuvu. Nilijiambia nitakifungua, nikifue, nikirudishe. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu yangu akipepeta mtama. Nilipokata mshono, kitu kilianguka mapajani mwangu. Karatasi iliyokunjwa. Ndani ya karatasi, meno mawili ya mtoto.

Meno mawili. Mimi niliyezika wawili.

Karatasi imeandikwa lugha nisiyoijua, mistari miwili. Mama mkwe aliangusha ungo, mtama wote ukamwagika. Alisema hakuna mama duniani anayeweka jino la mtoto. Linarushwa juu ya paa, basi. Anayeliweka ana kazi nalo. Akauliza mkoba umetoka kwa nani.

Ningesema umetoka Ulaya. Lakini mshono, Kalondu. Kitambaa kilishonwa kwa uzi wa mkonge uliosokotwa mkononi. Mara mbili mbele, mara moja nyuma, na fundo dogo limefichwa upande wa chini. Ni mshono wa mama yetu. Tangu afe, wanaoujua ni wawili tu, wewe na mimi, na mimi sikuushona.

Mama mkwe hajui kusoma barua, ila mshono anaujua. Mwaka wa sita huu ananiona nikishona hivyo.

Uliniambia nisikifungue. Mara tatu uliniambia. Dada, niambie ni nini hiki. Naogopa.

Ndinda


Kilungu, 24 Aprili 1992

Ndinda,

Sijambo. Pole kwa kiuno, nenda kliniki.

Mimi sijui lolote kuhusu meno. Sikuufungua ule mkoba. Niliununua ukiwa hivyo na nikakutumia ukiwa hivyo. Huo mshono unaweza kuwa wa mtu yeyote.

Ichome hiyo karatasi na uyasahau hayo.

Dada yako,
Kalondu


Ikutha, 5 Mei 1992

Kalondu,

Salamu. Barua yako nimeipata.

Sikuchoma kitu. Mama mkwe aliyafunga meno kwenye kitambaa chekundu akayapeleka kwa wazee. Mzee Nzomo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wa Mutie, ameamua uje ule kiapo cha kithitu Jumamosi ya tarehe 30 Mei. Utaapa kwamba hukuufungua mkoba, hukuyaona meno, na hukushona. Basi.

Mutie alikataa, akasema sisi ni watu wa kanisa. Walimuuliza kama kanisa litamzikia na wa tatu. Akachukua jembe akaenda shambani.

Najua kanisa lako litakutenga ukila kiapo. Najua pia watu wanasema nini kuhusu mwanamke asiye na mtoto. Mimi sijawahi kuyasema. Lakini sasa nayawaza, na hilo ndilo linaniumiza kuliko kiuno.

Sikiliza vizuri. Wewe unajua kithitu kinavyofanya kazi. Hakimwachi aliyeapa uongo, na hakiishii kwake. Kinafuata damu. Damu yako ni mimi, na huyu aliye tumboni. Kama kweli hukuufungua, njoo uape, mimi nitalala usingizi. Kama ulinidanganya, nakuomba usije. Nakuomba kama ulivyoniomba nisile udongo nilipokuwa mdogo.

Mtoto anacheza. Kila akitulia kidogo najishika tumbo na kungoja.

Ndinda


Kilungu, 14 Mei 1992

Ndinda, mwana wa mama yangu,

Sitauliza hali kwa sababu naijua. Yangu ni mbaya.

Nilikudanganya. Niliufungua.

Nilipoununua Malili nilitaka kuurekebisha wote mwenyewe, nikuletee ukiwa mpya. Nilianza na kitambaa cha ndani. Meno yakaanguka, kama yalivyokuangukia wewe. Nilikimbia nje na kuku wakakimbia pia. Niliporudi bado yalikuwa mezani.

Ningefanya nini? Kuyachoma niliogopa, labda yangemdhuru mtoto mwenyewe huko aliko. Kuyatupa, mbwa angeyafukua. Kuyaweka ndani ya nyumba, nyumba ya mwanamke asiyezaa, na mtu ayakute? Unajua wangenifanya nini. Basi nikayarudisha mahali pake na kushona kwa hofu, na mikono yenye hofu inashona ilivyofundishwa na mama.

Baada ya hapo sikutaka tena kuugusa mkoba. Ndiyo maana ulikuja umechakaa. Nilijiambia ni zawadi, na ilikuwa zawadi, nilikununulia kwa moyo wote. Lakini pia nilitaka utoke nyumbani mwangu. Niliogopa kitu, nikakutumia wewe. Hilo ndilo kosa langu, na ni kubwa. Sikuroga mtu. Nikiulizwa hivyo tu, nitakula kithitu hata leo. Lakini wakiniapisha kwamba sikuufungua, nitakuua.

Kuna jambo lingine sijawahi kukuambia. Wale watoto wako, wote wawili niliwabeba. Wa kwanza alipata homa siku nne baada ya mimi kumshika, wa pili siku tisa. Nilihesabu kabla watu hawajahesabu. Sikuja mazishi ya pili kwa sababu niliiogopa mikono yangu mwenyewe.

Nitakuja tarehe 30. Nitasema ukweli mbele ya wazee, wanifanye watakalo.

Dada yako,
Kalondu


Ikutha, Jumatano 27 Mei 1992

Dada yangu,

Hii nampa dereva wa lori akuletee mkononi, posta haitawahi. USIJE Jumamosi.

Barua yako nililia nayo chooni, mahali pekee ambapo mama mkwe hanifuati. Kisha nikaenda kliniki. Ile karatasi nilikuwa nimebaki nayo, wazee walichukua meno tu. Kuna sista mzungu pale, nikampa aisome. Alisoma, macho yake yakajaa maji. Imeandikwa: "Meno ya kwanza ya Lotte wangu, ya chini, Februari 1967." Nikamwuliza Lotte alirogwa? Akaniambia hapana, kwao mama hulihifadhi jino la kwanza la mtoto kwa sababu hataki kusahau jinsi alivyokuwa mdogo. Akasema hata mama yake mwenyewe ameyahifadhi meno ya huyo sista, ndani ya kopo la chai.

Kalondu, tulikuwa tukiogopa mapenzi ya mama wa mtu.

Nilirudi mbio kuwaambia wazee. Hawakuamini. Mama mkwe alisema mzungu lazima amtetee mzungu, na karatasi haishoni mkonge. Mzee Nzomo akasema kiapo kiko pale pale, na hutaruhusiwa kueleza kitu, ni kuapa tu. Ukikataa, basi umekubali kwamba ulituroga, na vijana wa ukoo wanajua njia ya Kilungu. Alilisema hilo bila kupandisha sauti.

Basi nikasimama nikasema mshono ni wangu. Nikawaletea kiondo nilichomaliza juzi, wakalinganisha fundo kwa fundo. Ni sawa kabisa, kwani wewe ndiye ulinishika vidole ukinifundisha. Nikasema mkoba ulipofika niliufungua siku ile ile, nikayaona meno, nikashona kwa hofu, na baadaye nikajifanya nimeyaona upya.

Mama mkwe alinitazama muda mrefu. Hakuamini, naona. Lakini wazee wamesema mwenye mimba halishwi kithitu. Watanilisha mimi nikishajifungua.

Nimeununua muda, na najua ni muda gani. Naogopa sana, dada. Ila nimechoka kukuogopa wewe.

Mdogo wako,
Ndinda


Kilungu, 29 Mei 1992

Ndinda,

Dereva alinikuta njia panda, nimevaa nguo za kanisa, nangoja gari la kwenda. Nilisoma nikakaa juu ya jiwe mpaka magari matatu yakapita.

Hutakula uongo kwa ajili yangu. Ukijifungua tu, niandikie neno moja, nitakuja kabla yao. Nikisikia kimya nitajua pia, na nitakuja vilevile.

Dada yako,
Kalondu


Ikutha, 17 Agosti 1992

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe. Barua zako tatu za Juni na Julai zote nilizipata, na zote ziko chini ya godoro. Sikujibu kwa sababu niliogopa kuandika neno lolote likaharibu jambo. Sasa naandika na mkono mmoja, wa pili una mzigo.

Ni msichana. Alizaliwa tarehe 9, kliniki, analia kwa nguvu. Nguo zake nilizibeba ndani ya ule mkoba na sista akausifu mbele ya wote. Na kama ilivyo desturi, binti wa kwanza ni wa mama ya baba. Anaitwa Syombua.

Siku ya nne Mzee Nzomo alikuja na wenzake wawili kupanga siku ya kiapo. Mimi nilikuwa kitandani, nikasikia kila kitu. Nilimkumbatia mtoto mpaka akalia. Mama mkwe aliingia akamchukua, nikajua ndiyo basi. Akatoka naye hadi mlangoni akawauliza, "Mama yake akila, nyinyi mnajua kitamfuata nani?" Wakasema kinafuata damu. Akasema, "Huyu ni mimi. Ana jina langu, ni mimi huyu. Mnataka kuniua kwa meno ya mzungu?" Wakamweleza kwamba yeye ndiye aliyelileta jambo hili. Akasema alilileta, na sasa analirudisha. Akawafukuza, magoti yale yale yakimfukuzia watu wazima watatu mpaka barabarani.

Alirudi na kile kitambaa chekundu. Akakiweka kitandani bila kuniangalia na kusema, "Yarudishe mahali ulipoyatoa. Wewe au yule mwingine."

Nimeyarudisha, pamoja na karatasi yake. Mara mbili mbele, moja nyuma, fundo upande wa chini.

Sitakudanganya kwamba hofu imeisha. Leo mtoto ana siku nane, na mimi nahesabu kila moja. Naweka sikio puani mwake nikisikiliza. Najua na wewe ukisoma hapo umehesabu, na kwamba ukija utakaa mbali na kitanda na kuweka mikono yako ndani ya leso.

Usiiweke. Dereva atakuletea barua hii Alhamisi, nimemwambia akuachie kiti cha mbele. Siku ya kumi na mbili mtoto huyu atakuwa mikononi mwako, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo nikitetemeka. Njoo umbebe.

Mdogo wako,
Ndinda